Mawe ya Tacy na mteremko wa Ngomo



Kuna filamu ya kuchekesha ya mwaka 1954 inayojua breki vizuri sana, lakini lawama haiijui. Hayo ndiyo maneno yangu yote ya leo. Yanayobaki ni kuyaeleza, na mukikataa mutaniambia.

Filamu yenyewe inaitwa The Long, Long Trailer. Aliyeiongoza ni Vincente Minnelli, kampuni ni MGM ya Hollywood, na wachezaji wakubwa ni Lucille Ball na Desi Arnaz. Wawili hawa walikuwa mume na mke katika maisha ya kweli, na wakati ule Marekani nzima ilikuwa inawaona kwenye televisheni katika I Love Lucy. Hadithi ilitoka kwenye kitabu cha Clinton Twiss cha mwaka 1951. Tuliiangalia Jumapili moja huku Kadutu, watu tisa ndani ya chumba kimoja, kompyuta juu ya meza, umeme umekatika na batri inatuhurumia.

Haikufika hata nusu, mwenzetu mmoja akasema: "Sasa iyi filme inatuhusu nini siye? Mutu anavuta nyumba na motokari anaenda kutembea. Siye hata nyumba ya kulala tu ni matata." Watu wakacheka, na wengi wakakubali naye. Ni swali la haki kabisa, na mtu mwenye kuandika juu ya filamu ya wazungu wa zamani kwenye ukurasa huu lazima alijibu kwanza.

Jibu langu ni hili. Siye nyumba za magurudumu hatuna, lakini kuvuta tunakujua. Unga, sementi, chumvi, mabati, nguo za mitumba, mafuta ya kupikia: vitu vingi unavyoviona kwenye soko la Kadutu vimefika mgongoni mwa kitu kilichovutwa. Kontena linashuka kwenye meli Dar es Salaam au Mombasa, linapandishwa juu ya trela (wengi wetu tunasema remorque), linavuka nchi mbili au tatu, halafu linakuja kupanda na kushuka milima yetu. Kwa hiyo filamu ikizungumza juu ya mtu mwenye kuvuta kitu kikubwa kuliko nguvu zake kwenye barabara ndefu, inazungumza juu ya njia iliyotuletea chakula cha jana.

Sasa hadithi, kwa kifupi. Nicky ni injinia. Kazi yake inamhamisha kutoka chantier moja mpaka nyingine. Tacy, mchumba wake, anaona ni ujinga kupanga nyumba kila mahali, afazali wanunue nyumba ya kuvuta, wahame nayo. Wanaenda kuangalia ndogo, wanarudi na kubwa: futi 36, karibu mita 11, ya rangi ya njano. Kununua trela kunaleta kununua motokari yenye nguvu zaidi, na kununua motokari kunaleta gharama zingine. Wanaoana, wanaanza safari ndefu mpaka Colorado ambako kazi inamngoja Nicky. Njiani Tacy anaokota mawe. Kila mahali wanapopita anachukua jiwe la kumbukumbu, analiweka ndani ya nyumba. Mbele kuna mlima. Nicky anamwambia atupe mawe yote. Tacy anayaficha.

Watu walicheka sana pale Tacy anapojaribu kupika wakati trela inatembea. Ameandaa chakula kizuri, mume yuko mbele kwenye usukani hajui kitu, na kila kona inamrusha ukutani, unga na saladi vinamrudia usoni. Walicheka pia kwenye usiku wa kwanza kambini, pale majirani wanapoingia bila kubisha hodi, kila mmoja na shauri lake, mpaka bwana harusi anakosa mahali pa kupumua. Mtu wa Kadutu hahitaji kutafsiriwa lile jambo. Siye ukuta wa jirani ni ukuta wetu.

Lakini mimi nataka tusimame kwenye mambo mawili ambayo filamu inayafanya vizuri sana.

La kwanza ni breki. Mwanzoni, kabla ya safari, Nicky anafundishwa jinsi ya kuendesha akiwa na trela nyuma. Funzo kubwa ni moja: anza na breki za trela. Wanamrudilia mpaka linamkaa kichwani kama wimbo mbaya. Sinema inalitumia kwa kuchekesha, lakini funzo ni la kweli. Ukishika breki za gari la mbele peke yake, gari linapungua mwendo lakini mzigo wa nyuma bado una haraka. Unakusukuma. Na kama barabara inateleza au kuna kona, unakuja ubavuni, vyote viwili vinajikunja kama kisu cha kukunja. Breki za nyuma zikianza, mzigo unabaki umenyooka, unakuvuta wewe nyuma badala ya kukusukuma. Watu wenye kuendesha malori makubwa wanalijua hili bila kuangalia sinema.

La pili ni mlima wenyewe. Hapa Minnelli anazima kicheko. Barabara ni nyembamba, upande mmoja mwamba, upande mwingine hewa tupu. Wawili wamekaa mbele, wanaogopa kabisa, lakini kila mmoja anajifanya hajali. Wanazungumza maneno ya bure bure, sauti za utulivu wa uongo, macho yanatazama shimo. Na siye watazamaji tunajua kitu ambacho Nicky hajui: mawe yako ndani. Kwenye chumba chetu hapo hakuna aliyecheka. Hata yule mwenzetu wa "inatuhusu nini" alinyamaza, mkono kwenye kidevu.

Alinyamaza kwa sababu anajua Ngomo. Kwa wale ambao hawajapita: kutoka Bukavu, barabara ya taifa namba 5 inapita Nyangezi, halafu inajitupa chini mpaka Kamanyola, kwenye tambarare ya Ruzizi, kabla ya kuendelea Uvira. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari. Kamanyola iko chini ya mita 1,000. Tofauti yote hiyo inashukwa kwenye escarpement ya Ngomo, kona juu ya kona, ukuta upande mmoja na bonde upande mwingine. Ndiyo maana magari mengi yanaikwepa: yanavuka Ruzizi, yanapita upande wa Rwanda mpaka Bugarama, yanarudia Kongo pale Kamanyola. Mtu anakubali mipaka miwili na karatasi zake zote ili asikutane na mlima mmoja.

Wakati wa kushuka, dereva mwenye mzigo hawezi kukaa juu ya breki. Akikaa, zinapata moto, zinachoka, na mwisho anakanyaga pedali isiyojibu. Lazima ateremke na vitesi ndogo, injini ndiyo imshikilie, na alichague hilo juu kabisa kabla mteremko haujaanza. Wakati wa kupanda ni shida nyingine: gari likizimika, mzigo unaanza kulirudisha. Hapo ndipo msaidizi wa dereva anaruka chini mbio na jiwe au kipande cha mti, anakitia nyuma ya gurudumu. Maisha ya watu wote yanalala juu ya jiwe lile.

Basi, filamu inajua uzito. Ningeishia hapa ningekuwa nimeisifu tu. Lakini sasa tuje kwenye lawama.

Juu ya mlima, hatari imeisha, Nicky anagundua mawe. Anakasirika, anayatupa yote chini. Ndoa inavunjika. Filamu nzima inasimuliwa na yeye, usiku wa mvua, anamtafuta mke wake. Na sababu ya kuvunjika, jinsi tunavyoelezwa, ni mawe. Mwanamke alipakia mawe.

Tufanye hesabu kidogo. Mawe yalikuwa na uzito gani mbele ya ile nyumba yenyewe? Nani aliiuza nyumba ya mita 11 kwa watu wawili ambao hawajawahi kuvuta hata mkokoteni? Muuzaji anatabasamu, anachukua pesa, anatoka kwenye hadithi, hatumwoni tena. Nani alitia sahihi? Mume. Nani alikubali kila gharama ikiongezeka juu ya nyingine? Mume tena, injinia, mtu mwenye kusomea uzito na nguvu. Na barabara ile ya mlimani isiyo na ukingo, nani aliiacha hivyo? Filamu haiulizi hata mara moja. Ina watu wengi wa kushiriki kosa, lakini mwishoni inachagua yule aliyeokota kumbukumbu. Wanarudiana kwenye mvua, tunafurahi, na hakuna kilichobadilika isipokuwa mawe hayapo.

Mwenzetu mmoja, dada anayesomea sheria, alinipinga hapo hapo: "Weye unadai comédie ifanye kazi ya tribunal. Ilikuja kuchekesha tu." Nimelifikiria neno lake siku kadhaa. Nadhani jibu liko ndani ya filamu yenyewe, kwenye ile sehemu ya kupika. Pale inachekesha na bado iko ya haki: Tacy alitaka kupika, Nicky hakupunguza mwendo, barabara ina kona, sahani hazikufungwa. Kila mtu na kila kitu kimetia mkono kwenye lile anguko. Kwa hiyo Minnelli anaweza. Kicheko hakimzuii. Ni pale hadithi inapohitaji mwisho ndipo anapotafuta mtu mmoja wa kubeba.

Na hii ndiyo sababu filamu ya miaka 70 iliyopita imenikaa moyoni. Kwa sababu siye tunafanya hivyo hivyo.

Gari likianguka Ngomo, neno la kwanza unalolisikia sokoni ni: "Shofere alikuwa amekunywa." La pili: "Alikuwa na haraka." La tatu, kama wa kwanza wawili hawatoshi, ni mambo ya uchawi. Pengine kweli alikuwa amekunywa, inatokea. Lakini nani alipakia juu ya kipimo? Nani alisema "bado kuna nafasi, ongeza magunia, panda na watu juu"? Nani aliona matairi yamekwisha na akasema yataenda safari moja zaidi? Dereva mara nyingi si mwenye gari, si mwenye mzigo, wala si yeye aliyeiacha barabara ikaliwa na mvua. Ni yule aliyekuwa karibu zaidi na anguko. Na kama amekufa, ni rahisi zaidi: maiti haijibu.

Mfano mkubwa zaidi ni Sange, kwenye barabara ile ile, kule chini tambarareni. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lililotoka upande wa Tanzania lilipinduka ndani ya Sange. Petroli ikamwagika. Watu wakakusanyika, wengine wakaja kuichota. Wengine walikuwa kwenye chumba cha kuangalia mpira, ilikuwa wakati wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka. Walikufa zaidi ya watu 230.

Nimesikia Sange ikisimuliwa mara nyingi, na mara nyingi inaishia na sentensi moja: "Walienda kuiba mafuta." Tuiangalie sentensi hii kama tunavyoangalia mwisho wa filamu. Waliokuwa wanaangalia mpira waliiba nini? Watoto waliokuwa nyumbani waliiba nini? Na hata yule aliyekuja na bidoni yake: ni maisha gani yanayomfanya mtu aone petroli chini kama bahati? Kwa nini tangi la namna ile linapita katikati ya nyumba za watu? Maswali haya ni magumu, yana anwani nyingi, na mengine yanaelekea kwa wakubwa. "Walienda kuiba" haina anwani isipokuwa makaburi. Ni mawe ya Tacy kabisa.

Wazee wa pwani wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani mzigo wa mwingine unauona mwepesi kama pamba. Mimi naongeza: lawama ukimbebesha mwingine, nayo inakuwa nyepesi.

Jumapili iliyofuata tuliangalia filamu nyingine, makusudi, ili kulinganisha. Ni Makala ya Mfaransa Emmanuel Gras, ya mwaka 2017, iliyopata zawadi kubwa ya Semaine de la Critique kule Cannes. Hii ni ya kwetu kwa lugha: watu wanazungumza Kiswahili cha Katanga, na hakuna aliyehitaji maandishi ya chini. Kabwita Kasongo, baba kijana wa kijijini, anakata mti mkubwa kwa shoka, anauchoma kuwa makala, anapakia magunia juu ya baisikeli mpaka baisikeli yenyewe haionekani, halafu anaisukuma kilomita 50 hivi mpaka Kolwezi. Kwa nini? Anataka kujenga nyumba. Anataka mabati.

Muone jinsi filamu mbili zinavyokutana. Nicky anavuta nyumba barabarani. Kabwita anasukuma makala ili siku moja awe na nyumba. Mmoja anaogopa mlima, mwingine anaogopa kila lori linalompita na kumfunika vumbi. Mzigo wake unaangushwa njiani. Kwenye kuingia mjini watu wanamdai pesa. Sokoni wanamvuta bei chini. Na mabati, anapouliza, yako mbali na mfuko wake.

Makala haina mwisho wa kutupa mawe. Hakuna anayeonyeshwa kwa kidole. Uzito unaonekana tu, hatua kwa hatua, na mtazamaji mwenyewe anaanza kuhesabu: barabara, kodi za njiani, bei, malori. Kwa hilo ni filamu ya haki kuliko ya Minnelli.

Lakini nisiifanye mtakatifu. Picha zake ni nzuri mno, na ile selo ya Gaspar Claus inalia vizuri mno, mpaka mara nyingine jasho la Kabwita linageuka kitu cha kupendeza tu. Halafu kuna jambo ambalo mmoja wetu alilisema kwa sauti ndogo: "Ule mwenye kushika kamera haiko anasukuma." Ni kweli. Mtu anatembea pembeni ya mzigo kilomita na kilomita, na kazi yake ni kutazama. Sijui kama ningeweza kutembea hivyo. Najua kwamba bila yeye nisingeuona mzigo. Nayaacha yote mawili yakae pamoja, kwa sababu ndivyo yalivyo.

Uamuzi wangu, basi. The Long, Long Trailer ni filamu nzuri yenye mwisho mwepesi. Muiangalie kwa ajili ya Lucille Ball, ambaye mwili wake wote unajua kuanguka. Muiangalie kwa ajili ya mlima, ambapo hofu ya watu wawili wenye kujifanya wajasiri inaonyeshwa vizuri sana. Lakini mfikapo kwenye mawe, musicheke haraka. Muulize nani aliuza, nani alisaini, nani alitengeneza barabara.

Nayasema haya kwenye ukurasa huu kwa sababu moja. Siye ndio tuliosoma, na kesho mmoja wetu ndiye atakayekaa ofisini, assurance, polisi ya barabara, mahakama, redio, na ataletewa karatasi yenye mstari mmoja mtupu: sababu ya ajali. Mstari ni mfupi. Unatosha neno "ulevi", neno "mwendo", neno "uzembe". Haukutengenezwa kwa ajili ya mwenye gari, mwenye mzigo, matairi, mvua, na wale walioiacha barabara hivyo. Tukiujaza kwa neno moja, tumemaliza filamu kama Minnelli. Karatasi ina upande wa nyuma. Tuugeuze, tuandike na huko.